Somo la utajiri wa nchi lianzie mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu, wazazi, na wale wanaotunga mitaala na mitihani ya watoto wetu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kata hapa Ilemela, Mwanza, na kazi hii nimeifanya kwa miaka ishirini na mbili. Nimezaliwa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga na samaki kuuzwa. Baba yangu alikuwa mvuvi, bibi yangu alikuwa mkaushaji na muuzaji wa samaki, na nyumba ninayoishi sasa ukifungua dirisha la jikoni unaliona ziwa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni swali la mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tulikuwa tumefika kwenye mada ya maendeleo ya nchi mbalimbali. Nilikuwa nimeandika ubaoni wastani wa pato kwa mtu mmoja kwa mwaka: Marekani zaidi ya dola 80,000, Tanzania dola elfu moja na mia kadhaa, na nchi nyingine katikati. Nikawaeleza, kama nilivyofanya kwa miaka yote hiyo, kwamba nchi zilizo juu zimeendelea, zilizo chini zinaendelea, na safari yetu ni kupanda kutoka chini kwenda juu. Binti mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye mama yake anaanika dagaa, akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, na sisi tukifika pale juu, sisi na wengine wote, samaki watatoka wapi?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilimwambia anipe wiki moja. Wiki ile imekuwa mihula miwili sasa.

Nianze na huo utajiri wenyewe. Tulichoandika ubaoni ni Pato la Taifa likigawanywa kwa idadi ya watu. Wasomaji wako watakumbuka kwamba Julai 1, 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kuwa Tanzania imeingia kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, kwa sababu wastani wa kipato kwa mtu ulikuwa umefika dola 1,080 na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Ilikuwa habari njema na nilifurahi. Lakini wanafunzi waliniuliza kwa nini majumbani kwao siku hiyo hakukuwa na kilichobadilika, na hapo ndipo nilipogundua kuwa nilikuwa nawafundisha kukariri kipimo bila kuwaeleza kinapima nini.

Mwaloni kwetu mwenye mitumbwi huitwa tajiri, na wanaoingia naye majini usiku ni vibarua wake. Chukua kipato cha tajiri mmoja na vibarua wanane, jumlisha, gawanya kwa tisa. Jibu utakalopata si la tajiri wala si la kibarua. Hilo watoto walilielewa kwa dakika tano, kwa sababu wengi wao baba zao ni vibarua.

La pili lilichukua muda zaidi. Mvuvi akiuza nyavu zake leo, jioni atakuwa na fedha nyingi kuliko jirani yake aliyezitia majini. Ukimpima kwa fedha za siku ile, ndiye tajiri wa mtaa. Pato la Taifa linahesabu hivyo hivyo. Samaki akivuliwa na kuuzwa, thamani yake inaingia kwenye hesabu. Kama amebaki mwenzake wa kuzaa au hakubaki, hesabu haiulizi. Mti ukichomwa mkaa na gunia likauzwa, pato linapanda, na mahali uliposimama mti ule hapaandikwi kitu. Na aliyetengeneza kipimo hiki hakuficha udhaifu wake. Simon Kuznets, mchumi aliyeandaa hesabu za kwanza za pato la taifa la Marekani, aliwasilisha taarifa yake kwa Seneti ya nchi ile mwaka 1934, na humo humo akaonya kwamba ustawi wa taifa hauwezi kujulikana kwa kutazama pato lake peke yake. Ni zaidi ya miaka 90 sasa. Onyo hilo lingestahili kuwa kwenye ukurasa ule ule wenye jedwali la pato, na mwanafunzi wangu angelisoma kabla ya kuuliza.

Sasa nizungumzie ziwa, maana hapo ndipo jibu la yule binti lilipoanza kupatikana.

Nilipokuwa mdogo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, chakula chetu kilikuwa furu. Wasomaji wa Dar es Salaam huenda hawamjui. Ni samaki mdogo mwenye mifupa mingi na mtamu, na katika Ziwa Victoria alikuwa wa aina mamia, karibu zote hazipatikani penginepo popote duniani. Bibi yangu alimpasua, akamtia chumvi na kumwanika juu ya mawe haya ya Mwanza ambayo watalii huyapiga picha. Jua lilifanya kazi yote. Halafu akaja sangara. Alikuwa amepandikizwa upande wa Uganda tangu miaka ya 1950, akasambaa taratibu, na kwetu tulianza kumwona kwa wingi katika miaka hiyo ya themanini. Aliwala furu. Aina zaidi ya mia mbili zinadhaniwa kupotea au kukaribia kupotea, ingawa baadhi zimeanza kuonekana tena. Watu wengi wanalijua hilo. Ambalo bibi yangu alilisema kabla sijalisoma popote ni hili: sangara ana mafuta, haanikiki juani kama furu, lazima umtie moto. Na moto unataka kuni. Ndani ya miaka michache bibi alikuwa anatembea mwendo wa saa mbili kutafuta kuni za kukaushia samaki, kwenye vilima ambavyo mama yangu alivikumbuka vikiwa na miti.

Nilipowasimulia wanafunzi habari hiyo, niliona macho yao yakibadilika. Samaki mpya ndani ya maji amekata miti juu ya kilima. Hawakuhitaji fasili ya neno ikolojia baada ya hapo.

Nisieleweke vibaya, Mhariri. Sangara ndiye aliyenisomesha. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya tisini, baba alipata bei ambayo hakuwahi kuiota, na ada yangu ya sekondari ililipwa kwa samaki huyo mpaka nikamaliza. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga soko lake kwa samaki wa ziwa letu kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa sumu, kaka yangu aliyekuwa akipakia minofu kiwandani alikaa nyumbani miezi mingi bila kazi, na nyumba nzima ilijua maana yake. Kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya darasa nikasema sangara ni balaa. Ninachosema ni kwamba ulikuwa utajiri wa kweli, na ulikuwa na gharama ya kweli, na hesabu tuliyofundishwa ilikuwa na upande mmoja tu.

Upande wa pili una jina. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Canada, William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel, mwanzoni mwa miaka ya tisini walitengeneza kipimo kinachoitwa kwa Kiswahili unyayo wa ikolojia. Wanauliza hivi: watu wa nchi fulani, kwa wanachokula, wanachovaa, wanachojengea na wanachochoma, wanatumia ardhi na maji kiasi gani yenye uwezo wa kuzalisha? Wanajumlisha mashamba, malisho, misitu, maeneo ya uvuvi, ardhi iliyojengwa, na msitu ambao ungehitajika kunyonya hewa ya ukaa itokayo kwenye mafuta, gesi na makaa ya mawe. Sehemu hiyo ya mwisho peke yake ni kama asilimia 60 ya unyayo wa binadamu wote. Yote hugeuzwa kuwa kipimo kimoja, hekta ya dunia, yaani hekta yenye uwezo wa wastani wa kuzalisha.

Hekta kwa mtoto wa Mwanza ni neno tupu. Tulikwenda Uwanja wa Kirumba. Kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 ni hekta 0.7 na kidogo, kwa hiyo hekta moja ni kiwanja kimoja na karibu nusu. Nikawaambia: ukigawa uwezo wa dunia kwa watu wote waliopo, fungu la kila mmoja ni kama hekta moja na nusu, yaani viwanja viwili hivi. Katika viwanja hivyo viwili ulime, ulishe mifugo, upate kuni, uvue, ujenge nyumba na unyonye moshi wako. Mmarekani wa kawaida anatumia viwanja kumi au kumi na kimoja. Mtanzania wa kawaida anatumia kimoja na nusu hivi, au zaidi kidogo. Wavulana wawili walianza kuhesabu kwa hatua, kona hadi kona, wakarudi wamenyamaza. Mmoja akauliza: "Hivyo viwanja vingine tisa anavitoa wapi?"

Swali hilo lilikuwa ndugu wa lile la kwanza. Watu wote wakiishi kama Wamarekani zingehitajika dunia tano hivi. Na hata tulivyo sasa, kwa wastani, binadamu anatumia uwezo wa mwaka mzima kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2025 siku hiyo ilikadiriwa kuwa Julai 24. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa Desemba. Kuanzia siku hiyo tunaishi kwa kula akiba: samaki wanaovuliwa kabla ya kuzaa, miti inayokatwa kabla ya kukua, moshi unaobaki angani.

Baada ya Kirumba tukaenda mwaloni. Nilipata ruhusa ya uongozi wa mwalo, tukafika alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi. Ilikuwa kipindi cha giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hupumzika. Kila kundi la wanafunzi lilikuwa na daftari, kalamu na futikamba ya fundi cherehani. Kundi moja lilipima urefu wa sangara. Sheria inataka asipungue sentimita 50, kwa sababu chini ya hapo wengi hawajazaa hata mara moja, na jike huhitaji kukua zaidi ya hapo. Kundi la pili liliandika bei: sangara kwa kilo, dagaa kwa sado na kwa ndoo, na mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara, ambayo bei ya kilo yake huwashangaza hata wazazi. Kundi la tatu lilikuwa na kazi niliyoipenda kuliko zote. Lilimfuata samaki mmoja mmoja na kuuliza, huyu anakwenda kuliwa na nani?

Majibu waliyorudi nayo yalijaza kurasa. Sangara mkubwa anakwenda kiwandani, minofu yake inakwenda Ulaya na kwingineko, mabondo yanakwenda China. Kichwa, mifupa na mabaki yenye nyama kidogo, ambayo sote hapa tunayaita mapanki, yanabaki na kuuzwa mtaani yakiwa yamekaangwa. Dagaa wazuri wanakwenda mikoani na nchi jirani, na sehemu kubwa ya dagaa inasagwa kuwa chakula cha kuku. Mtoto mmoja aliandika: "Kuku wa mjini anakula dagaa kuliko mdogo wangu." Sikumsahihisha.

Hapo nikawaonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Katika hesabu ya unyayo, samaki haandikwi kwa aliyemvua, anaandikwa kwa aliyemla. Minofu inayopanda ndege inaondoka na unyayo wake, unahesabiwa kule Hispania au Uholanzi mezani. Kwenye Pato la Taifa, samaki huyo huyo anaandikwa kwetu kama mapato. Kwa hiyo mtoto akiweka majedwali mawili pamoja, la pato na la unyayo, anaanza kuona njia zinazounganisha nchi iliyo juu ubaoni na mwalo ulio chini ya shule yake. Akiona jedwali moja tu, anaona nchi yake iko chini, basi.

Niseme pia mahali ambapo kipimo hiki hakifiki, maana nisingependa wanafunzi wangu wabadilishe msahafu mmoja kwa mwingine. Unyayo hauhesabu dhahabu inayotolewa ardhini. Hapo ng'ambo, Geita, mgodi mkubwa umechimba tangu mwaka 2000, na pembeni yake wachimbaji wadogo wanachenjua kwa zebaki. Dhahabu iliyotoka hairudi, na zebaki iliyomwagika haiondoki, lakini vyote viwili havimo kwenye hekta zile. Wala hauhesabu uchafu wa Mto Mirongo, ambao unakatiza katikati ya jiji letu na kumwaga ziwani kila tulichokitupa. Tulisimama pale darajani na wanafunzi, wakataja wanachokiona. Chupa za plastiki zilikuwa nyingi mno. Mifuko ya plastiki ilikuwa michache kuliko nilivyoikumbuka mimi, tangu ipigwe marufuku Juni 1, 2019, na nilifurahi kuwaambia kwamba jambo linaloamuliwa na kusimamiwa huonekana hata mtoni.

Kuna mitego miwili katika somo hili, na mwalimu asiyejiandaa ataangukia mmojawapo.

Wa kwanza ni kujisifu. Baada ya Kirumba, nusu ya darasa ilishangilia: sisi ni wazuri, unyayo wetu mdogo, wenzetu ni waharibifu. Niliwauliza, unyayo wa bibi yangu ulikuwa mdogo kwa sababu gani? Hakuwa na umeme. Alijifungua watoto tisa, akazika watatu. Alipougua macho, moshi wa miaka mingi ndio uliotajwa na daktari. Sitaki mwanafunzi wangu yeyote afundishwe kwamba umaskini ni wema kwa mazingira. Zaidi ya hayo, hata huo udogo hautulindi. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120, na mkoa huu peke yake 3,699,872. Ardhi na ziwa ni vile vile, fungu la kila mmoja linapungua, na uwezo wa ardhi yetu kwa kila mtu tayari uko karibu sana na tunachotumia au umeshapitwa. Miti inayoishia kwenye majiko yetu ya mkaa haikukatwa na Mmarekani.

Mtego wa pili ni kukata tamaa. Kama kupanda juu ni kuharibu, na kubaki chini ni kuteseka, mtoto afanye nini? Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, na ndipo vitabu tulivyonavyo vinaponiacha peke yangu. Nawaonyesha Costa Rica. Watu wake wanaishi miaka karibu 80 kwa wastani, umeme wao karibu wote unatoka kwenye maji, upepo, joto la ardhi na jua, na msitu wao, uliokuwa umebaki kama robo ya nchi katika miaka ya 1980, sasa umerudi kufunika zaidi ya nusu. Unyayo wa mtu wa kule ni kama theluthi moja ya ule wa Mmarekani. Nao bado wamezidi fungu la dunia, siwafichi wanafunzi. Lakini wanaona kwamba kati ya bibi yangu na Marekani kuna njia nyingine.

Na tusiende mbali mno. Shinyanga ni mwendo wa saa chache kutoka hapa. Miti ilikuwa imefyekwa huko kwa ajili ya pamba na ng'ombe, na ili kuangamiza mbung'o, hadi watu wakaanza kuita sehemu zake jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kilichoufanya ufanikiwe ni kwamba ulirudi kwenye desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili: eneo linalofungwa majira ya mvua ili liwe na malisho kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikapata tena miti na majani. Wanafunzi wangu wengi wana babu wenye ngitili, na hawakuwahi kusikia neno hilo likitamkwa darasani. Hesabu kwa viwanja vya Kirumba, Mhariri, ni zaidi ya laki nne. Jambo hilo lilifanywa na watu wenye kipato kidogo sana, na kwenye Pato la Taifa la miaka ile huwezi kuliona, kwa sababu miti ilikuwa inakua badala ya kuuzwa.

Ninajua nitaambiwa muda hautoshi. Mkaguzi mmoja aliyetutembelea aliniandikia kwamba safari ya mwaloni haimo kwenye azimio la kazi na kwamba nirudi kwenye mada za mtihani. Nilimheshimu, na mada za mtihani nimezimaliza. Lakini nilimwonyesha jambo moja. Wanafunzi wale wale walikuwa wamekariri fasili ya unyayo wa ikolojia kwa Kiingereza, neno kwa neno, na nilipowauliza kwa Kiswahili maana yake, walitazama sakafu. Baada ya mwaloni walieleza kwa lugha zote mbili, na mmoja alimweleza mama yake kwa Kisukuma. Lugha ya kufundishia ni mjadala mkubwa na sitaufungua hapa. Ninasema tu kwamba wazo hili halina ugumu wowote likielezwa kwa maneno ambayo mtoto anayatumia nyumbani.

Mitaala mipya imeanza kutekelezwa tangu Januari 2024, na bado vitabu vinaandikwa. Ombi langu kwa wanaoviandika ni dogo. Popote panapowekwa jedwali la pato la nchi, pembeni yake pawekwe safu ya pili, ya unyayo, na ya tatu, ya uwezo wa ardhi na maji ya nchi hiyo. Safu hizo mbili zitabadilisha maswali ambayo watoto watauliza. Mtunga mtihani naye asiishie kuuliza nchi ipi ni tajiri. Amuulize mtahiniwa, tajiri huyu anakula kutoka wapi?

Kwa walimu wenzangu walio mbali na ziwa, kila mahali pana mwalo wake. Tabora pana asali na tumbaku, na kuni za kukaushia tumbaku hiyo. Mnaofundisha mijini, waambieni watoto wapime mkaa wa nyumbani kwao kwa wiki moja, kopo kwa kopo, kisha waulize gunia lilitoka wilaya gani. Taifa limejiwekea lengo la asilimia 80 ya kaya kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na watoto walio kidato cha kwanza leo ndio watakaokuwa na kaya hizo. Hesabu hiyo waifanye sasa wakiwa na mwalimu pembeni.

Kwako Mhariri, nina ombi pia. Katika ukurasa wa biashara mnachapisha bei za mazao. Mkiandika bei ya sangara wa Mwanza, ongezeni mstari mmoja: ukubwa wa samaki waliouzwa wiki hiyo. Mvuvi mzee mwaloni alituambia kwamba yeye hatazami bei kujua ziwa lina hali gani, anatazama urefu wa samaki kwenye mzani. Bei huweza kupanda kwa sababu samaki wamekuwa adimu, na gazeti likaripoti kama neema.

Yule binti wa karibu na mlango sasa yuko kidato cha nne. Daftari lake la mwaloni liko mezani kwangu ninapoandika, linanuka dagaa. Bado anakwenda kila Jumamosi, bila kutumwa, na mama yake amezoea kumwekea sangara mmoja pembeni ampime kabla hajauzwa. Amechora safu nne: tarehe, urefu, bei, na anakokwenda. Jumamosi ijayo darasa zima linarudi pamoja naye, saa kumi na mbili asubuhi, na ofisa uvuvi ameahidi kuja na rula yake ya kupimia. Ukimtuma mwandishi wako, tutampokea, na atapata chai na samaki kwa mama lishe wa pale.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Ilemela, Mwanza.
(Jina na anwani nimekuhifadhia, Mhariri.)